Chupa Mpya, Ujazo Ule Ule

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti tupu mlangoni pa depo yetu ya soda hapa Mpanda, asubuhi ya Jumatatu, na kama ningekataa jambo lingeisha kabla chai yangu haijapoa. Meneja mpya wa mauzo alisimama mbele yangu ameshika chupa mbili za plastiki, moja kila mkono, kama mtu anayechagua viatu. Ya kushoto ilikuwa ile tuliyoizoea, ya nusu lita. Ya kulia ilikuwa na urefu ule ule, rangi ile ile, mfuniko ule ule, ila kiuno kilikuwa kimebanwa na kitako kimebonyezwa kuingia ndani. Ilibeba mililita mia nne. Bei haikupungua hata shilingi.

"Mzee wangu," akaniambia, "wateja wa njia ya Kasekese wanakusikiliza wewe kuliko redio. Wakikuuliza, wewe sema hivi: chupa mpya, ujazo ule ule."

"Lakini sio ule ule," nikasema.

"Hatumdanganyi mtu, mzee wangu. Imeandikwa kwenye lebo."

Nikaisoma lebo. Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimesoma mpaka kidato cha nne, mililita nazijua. Nikameza mate, nikasema, "Sawa, meneja." Akanipa kofia mpya ya kampuni. Haikuingia kichwani. Hata kofia walikuwa wamezipunguza.

Nyie mliobaki kwenye magari mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi sasa kwa kuwa nimestaafu. Nimeanza na hilo ili msije mkafika katikati mkadhani mnasoma habari za mtu mwenye akili.

Nilianza kazi nikiwa utingo. Siku hizo soda zilikuwa za chupa za kioo tu, na zilitufikia kwa treni kutoka Tabora, zimetikiswa njia nzima. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonyesha nguvu. Nikabeba makreti mawili kwa mpigo, nikajikwaa kwenye reli, na chupa arobaini na nane zikalia kwa wakati mmoja. Nilisimama pale nimelowa mpaka soksi, nyuki wananizunguka. Dereva wa gari letu, Mzee Kalunga, alishuka taratibu, akanitazama, akanusa.

"Hii ni ya chungwa," akasema. "Ungevunja ile nyeusi ungekuwa na nyuki wachache. Beba moja moja, mwanangu."

Hakuniripoti. Alisema makreti yamevunjikia kwenye treni, na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Ninauhesabu kwa sababu yeye mwenyewe aliuhesabu. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anauzungumzia kwa majuto, kama mtu aliyeiba ng'ombe.

Mzee Kalunga ndiye aliyenifundisha kazi yote. Opena ifungwe kwa kamba kwenye mkanda, maana opena ya mfukoni ni opena ya mteja wa mwisho uliyeongea naye. Chupa tupu ipitishwe kidole mdomoni kabla ya kuipokea, ujue kama imemeguka. Makreti yaliyotoka Ikola, kule ziwani, yanuswe kwanza, kwa sababu huko chupa ya soda ikikaa wiki moja bila kazi inapewa kazi nyingine. Nimewahi kupokea chupa zilizokuwa na mafuta ya taa, mawese, dawa ya kuku, na moja ilikuwa na dagaa wamepangwa vizuri vichwa juu kama wanasubiri kupigwa picha. Enzi hizo Ikola hawakuwa na friji. Tulichimbia makreti kwenye mchanga wenye maji pembeni ya ziwa, tukauza soda zenye ubaridi na mchanga kidogo. Hakuna aliyelalamika. Soda ya moto ndiyo ililalamikiwa.

Fundisho kubwa la Kalunga lilikuwa dogo. "Mteja akikuuliza," alisema, "mjibu kabla hujameza mate. Ukisubiri mpaka umeze, ujue unatafuta uongo." Nilicheka. Nilikuwa kijana, koo langu lilikuwa halijanisaliti.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ngumu kuliko zote ilikuwa ya mfugaji mmoja Msukuma, mtu mwenye ng'ombe wasiohesabika kirahisi, aliyekuwa anapokea mahari ya binti yake. Alitaka kila mgeni apate soda ya aina moja, ili pasiwe na mtu wa kusema jirani yake ameheshimiwa zaidi. Sisi tulikuwa na makreti kumi na mawili ya chungwa na manane ya nyeusi. Wageni wameshakaa, mzee ameshika fimbo, mimi nahesabu makreti mara ya tatu. Kalunga akamvuta pembeni.

"Mzee, upande wa wakwe wangapi?"

"Wengi."

"Basi wakwe wapewe chungwa. Nyumbani mnywe nyeusi. Mgeni ni mgeni, mwenyeji ni mwenyeji. Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

Mzee akafikiri, akasema ndivyo. Nina hakika hakuwahi kusikia jambo hilo kabla ya dakika ile. Mpaka leo, kwenye vijiji vya upande ule, wakwe wakija hupewa ya chungwa, na ukiuliza utaambiwa ni mila.

Kuna kitu kuhusu chupa ya kioo ambacho nyie hamkukikuta. Ile chupa ilikuwa inarudi. Unampa mteja chupa, anakunywa amesimama hapo hapo, unaichukua, inaoshwa, inajazwa, inarudi kwake. Chupa uliyokunywa Pasaka unaweza ukainywa tena Krismasi. Kitu kinachorudi hakiwezi kupungua njiani. Zilipokuja za plastiki, watu wakaziita teki awei, wakaondoka nazo, na hazikurudi tena. Nadhani hapo ndipo kampuni ilipoona mwanya. Chupa isiyorudi hakuna wa kuifananisha na dada yake.

Isipokuwa Mama Ester.

Mama Ester alikuwa na duka Kasekese, la tofali za kuchoma, lenye benchi moja nje. Aliuza sukari, sabuni, soda zangu, na asali. Wafugaji nyuki walimletea kwa ndoo, yeye akauza kwa chupa. Kwa upande wetu asali hupimwa kwa chupa ya soda. Mtu hasemi nusu lita, anasema nipimie chupa tano, na anakuja na chombo chake. Mama Ester alikuwa na chupa moja maalumu ya kupimia, imesuguliwa mpaka imekuwa na ukungu, imetundikwa kwenye msumari. Watu walitoka vijiji vitatu mbali kununua kwake kwa sababu ya ile chupa. Alijaza mpaka asali inavimba mdomoni, kisha anaongeza tone. Tone lile lilikuwa ni jina lake.

Alikuwa mjane. Mimi mke wangu alifariki watoto wakiwa wakubwa. Kila Alhamisi gari lilipofika Kasekese, tukimaliza kushusha, mimi nilinunua soda moja ya chungwa ya nusu lita kwa hela yangu. Mama Ester alitoa glasi mbili zilizochorwa ua jekundu lenye shina na majani, akaigawa soda sawa kwa sawa. Ikiisha kumiminwa, katika kila glasi soda ilikuwa imefunika ua lote. Tulikunywa polepole. Mambo hayo yalichukua miaka. Mzee Kalunga, ambaye alikuwa anasubiri kwenye usukani, alisema hajawahi kuona nusu lita inayonywewa kwa muda mrefu hivyo.

Alhamisi moja nikajikaza. "Mama Ester, nikistaafu, nikija hapa kwa gari la mtu, sina kreti hata moja, utanikaribisha?"

"Unataka kuja kufanya nini bila kreti?"

"Kukaa."

Akachungulia ndani ya glasi yake. "Njoo kwanza tuone ukikaa bila kofia ya kampuni unafananaje," akasema. "Huenda una upara."

"Ninao."

"Basi angalau umesema mapema."

Kwa wanawake ninaowajua, hilo lilikuwa jibu zuri. Nilianza kupeleleza bei ya kiwanja nyuma ya duka lake na bei ya mizinga kumi ya nyuki. Kalunga alipostaafu akaenda kuishi mtaa wa Makanyagio hapa Mpanda, aliniambia kwenye kuagana, "Usichelewe. Na usimletee tisheti ya kampuni siku ya posa."

Kisha ikaja Jumatatu ile ya chupa mbili.

Sentensi ya meneja niliifanyia mazoezi kwenye gari. Duka la kwanza ilinikwama, la pili ikatoka, la tano ilikuwa inateleza yenyewe. Watu hawakuuliza sana. Wachache walisema, "Mbona imekonda?" nikawajibu ni mtindo, hata wasichana wa mjini wanabana viuno. Wakacheka. Miezi miwili baadaye bei nayo ikapanda, nikasema ni barabara mbovu. Barabara ikawekwa lami, bei ikapanda tena, nikasema lami ni gharama. Kuna siku mama mmoja aliniuliza, "Sasa baba, ikiwa mbovu inapanda, ikiwa nzuri inapanda, iweje ndio ishuke?" Nikampa kalenda.

Alhamisi ya kwanza ya chupa mpya nilifika kwa Mama Ester na soda yangu ya chungwa. Akamimina. Glasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza, akatikisa chupa mpaka tone la mwisho. Akaziweka glasi pamoja juu ya benchi na kuziinamia. Soda ilikuwa imefika kwenye majani. Ua lote lilikuwa kavu.

"Baba Soda," akasema, maana ndivyo walivyoniita njia nzima, "leo ua halijalowa."

Tulikuwa wawili tu pale. Meneja alikuwa Mpanda, kilomita nyingi kutoka kwenye lile benchi. Nikasikia mate yanashuka kooni.

"Ni povu," nikasema. "Hizi chupa mpya zina povu jingi. Ujazo ni ule ule."

Akaniangalia kidogo. "Kama wewe umesema," akasema, akanywa.

Ningekuwa na akili jambo lingeishia hapo, tungepungukiwa na soda kidogo tu maishani. Lakini mwezi uliofuata ile chupa yake ya kupimia ilipasuka kitako, na akaniomba mimi, msambazaji mwenyewe, nimletee nyingine. "Ya nusu lita, Baba Soda. Nikiokota barabarani siwezi kujua ilikuwa na nini." Nilikuwa na chupa gani? Nilikuwa na za kiuno. Ningeweza kumtafutia ya zamani kwenye jalala la depo. Ningeweza kumwambia, mama, hii ina mia nne, uongeze kidogo. Nikaiosha vizuri, nikampelekea, nikaitundika mwenyewe kwenye msumari.

"Nusu lita hii?"

"Si nilikwambia, ni ile ile."

Kwa miezi minne Mama Ester alipima asali kwa chupa yangu, akiijaza mpaka inavimba, akiongeza lile tone lake.

Aliyegundua upungufu hakuwa mtu wa vipimo wa serikali. Alikuwa mpika keki wa Makanyagio, mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye katika mkoa mzima pengine ndiye pekee aliyekuwa na jagi lenye mistari. Alikuwa ameagiza asali chupa kumi, akaletewa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa hesabu zake ilipaswa kuwa lita tano. Akapima: lita nne. Akapima tena. Akapanda bodaboda mpaka Kasekese, ndoo mbele, jagi kwapani. Na kwa bahati yangu alichagua siku ya Alhamisi.

Nilipofika nilikuta watu wamejaa mbele ya duka, nikafurahi, nikadhani ni kiu. Ndani ya gari meneja alikuwa amekaa kando yangu. Siku hiyo alikuwa anakagua njia.

Mama Ester alikuwa amesimama mlangoni, ameshika chupa ya kupimia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Afadhali umekuja," akasema. "Huyu mama anasema namwibia. Nimemwambia chupa ni nusu lita, na aliyenipa ni Baba Soda, anakuja leo leo, tumsubiri. Tumekusubiri. Haya, waambie."

"Baba, soma hapa!" mpika keki akapiga kelele, kidole kwenye kilebo kilichobaki. "Mimi keki zangu zimegoma kuumuka kanisa zima limecheka! Bibi harusi alikata keki kama anakata tofali! Soma kwa sauti!"

"Jamani, mwacheni aseme," akasema mzee mmoja. "Baba Soda hasemi uongo."

Nikamtazama Mama Ester. Nikamtazama meneja, aliyeshusha kioo cha gari na kuegemeza kiwiko. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa kustaafu. Nikameza mate. Nikameza tena, na mara ya pili hayakuwepo.

"Mimi nauza soda," nikasema. "Mambo ya asali siyajui."

Hata mpika keki alinyamaza, na baadaye niliambiwa hiyo ni mara ya kwanza. Mama Ester aligeuka. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya asali, akalichukua jagi la mpika keki, akapima lita nzima mbele ya watu, akammiminia. Kisha akaongeza tone. Akageukia wengine, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kila aliyenunua kwangu tangu mwezi wa chupa mpya, aje na chombo chake. Nitaongeza." Walikuja wiki tatu mfululizo. Wengine walikuja mara mbili, naye aliwajua, akawaongezea hivyo hivyo.

Chupa yangu aliiweka juu ya kreti tupu, pamoja na zile za kurudisha.

Jioni ile nilikwenda Makanyagio kwa Mzee Kalunga. Nikamweleza yote. Alikuwa anamenya mahindi, hakuinua kichwa.

"Ulimeza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Nenda kesho ukamwambie kweli."

"Kesho gari halina safari ya huko."

"Sikusema gari liende. Nimesema wewe."

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Alhamisi. Alhamisi nikashusha makreti nikiwa nimeangalia chini, akanilipa, akasema asante. Benchi lilikuwa limeingizwa ndani. Alhamisi nyingine vivyo hivyo. Chupa ikapunguzwa tena, kutoka mia nne hadi mia tatu na hamsini, na safari hii nilipofika dukani kwake alichukua chupa, akavaa miwani aliyonunua Mpanda, akaisoma lebo taratibu mbele yangu, kisha akaandika kwa chaki kwenye mlango: SODA IMEPUNGUA, BEI HAIJAPUNGUA. Aliuza kuliko maduka yote ya njia ile. Meneja akaja kupiga picha ile chaki, akaondoka akiwa amechanganyikiwa.

Mwaka wangu wa kustaafu ulipofika nilipewa keki. Nilijua ilikopikwa. Ilikuwa imeumuka vizuri.

Wiki iliyofuata nikavaa shati langu jeupe, nikaacha kofia nyumbani, nikapanda bodaboda mpaka Kasekese na soda moja ya chungwa kwenye mfuko. Mama Ester alinikaribisha kwa heshima zote. "Shikamoo, karibu ndani," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniamkia. Tulikuwa tunataniana tu. Nikajua nimekuwa mgeni.

Nikamwambia yote, kuanzia kreti nililokalia Jumatatu ile. Sikuficha kitu, hata mate. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa glasi ya ua, moja, akamimina chupa yote ndani yake. Ilifunika ua. Akanisogezea.

"Kunywa. Mimi siku hizi nakunywa maji."

"Mama Ester, nilimwogopa meneja."

"Najua. Ile siku ya watu nilikusamehe jioni ile ile. Mtu anaweza kuogopa mbele ya watu." Akafuta benchi kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Ila siku ya povu tulikuwa wawili. Nilikuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Pale ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilitafuta jibu kabla sijameza mate. Halikuwepo.

"Na upara wako," akasema, "sio mbaya kama nilivyodhani." Akaniletea chupa ya asali ya kuchukua, ya kioo, ile ya zamani. Imejaa mpaka mdomoni. Hakuongeza tone.

Kile kiwanja alikinunua mwalimu. Mimi ninaishi chumba kimoja Makanyagio, karibu na Mzee Kalunga, ambaye hanisemi. Pensheni inatosha, miguu inatembea, na kila Alhamisi nanunua soda moja nikanywa peke yangu. Vijana, msiniulize tena kama kazi ilinilipa vizuri. Ilinilipa. Ile sentensi ya meneja ndiyo iliyonigharimu: Mama Ester alikuwa tayari kuolewa na mimi, na hakuolewa.